Mguu Uliosimama Mlangoni Kwangu

Mara ya kwanza Mzee Salmini aliposimama mbele ya mlango wangu nilidhani anataka mchele. Nauza mchele barazani kwangu hapa Nyasubi, kwenye barabara ya kwenda msikitini, na mtu akisimama mbele ya mabeseni yangu nina haki ya kudhani anataka mchele. Aliinama, akachota konzi moja, akaunusa, akauliza kama ni wa hapahapa Kahama au umetoka kwingine. Nikamjibu ni wa hapahapa. Akatikisa kichwa polepole, akaurudisha kwenye beseni, akaenda zake kuswali.

Kesho yake akasimama tena, palepale usawa wa kizingiti changu, mkono mmoja ameshika nguzo ya baraza. Akachota, akanusa, akauliza swali lilelile. Na wakati wa kurudi kutoka msikitini akasimama vilevile, safari hii akajifanya anasoma namba ya nyumba. Ikawa ndiyo desturi yake. Hakununua hata robo kilo.

Mimi ni mjane, na mjane mwenye nyumba yake barabarani hujifunza mapema kuwashuku watu. Sioni haya kusema hivyo. Tangu mji huu uanze kutanuka, kila mwanamume mwenye kalamu mfukoni ni dalali wa viwanja. Na Salmini alikuwa mtu wa kushukiwa tangu zamani. Ujana wake wote aliumalizia Nyarugusu akinunua dhahabu kwa wachimbaji, akarudi na nyumba ya vigae, kikohozi, na macho ya kutazama vitu vya watu kana kwamba anavipima kwenye mizani. Pia alirudi ananuka sigara mpaka kofia. Basi nikajua: mzee anakitaka kiwanja changu. Nikaanza kufuatisha macho yake. Yalikwenda kwenye bati, kwenye mfereji, kwenye ukuta uliopasuka, kokote isipokuwa usoni kwangu. Niliona pia jasho limemtoka juu ya mdomo, nikasema hilo ni jasho la mtu mwenye nia mbaya.

Kumbe nilikuwa sishuku peke yangu. Asubuhi moja akaja mkewe, Mwaisha, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Raudha. Huyu hununua mchele gunia zima mashineni. Kilo moja kwangu haijawahi kumleta. Alisimama akichungulia ndani kupitia pazia langu, halafu akasema mume wake anausifu sana mchele wangu, ila cha ajabu hajawahi kufika nao nyumbani hata punje. Nikamwambia hata mimi nashangaa, nilidhani yeye ndiye anayemtuma kuukagua. Tukatazamana. Nikampimia kilo yake, akaondoka ameinua kidevu, akaniacha nimechemka. Umri wangu huu, magoti yanalia nikiinuka, leo nashukiwa kumwibia mtu mume, tena mzee mwenye kikohozi.

Siku hiyo aliposimama sikumngojea achote. Niliinuka nikaziba mabeseni kwa kanga.

"Mzee Salmini, kama ni kiwanja, siuzi. Kama ni mimi, siolewi. Kama ni mchele, leta mfuko."

Aliinamisha macho kwenye kizingiti. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Umeweka nini hapa, Mama Nuruddin?"

"Hapa wapi?"

"Hapa nilipokanyaga. Natoka nyumbani mzima. Nikifika kwako mguu unakamatwa, huku nyuma kwenye kigimbi, kama mtu ameushika anaukamua. Nikisimama kidogo unaniachia. Nikirudi kutoka msikitini, hivyohivyo. Nyumbani siumwi, msikitini siumwi. Kwako tu."

Nilikaa chini. Maneno kama hayo huku kwetu hayatupwi ovyo. Sihitaji kueleza yaliyowapata wanawake wengine waliotajwa hivyo kuwa wachawi, kuanzia Shinyanga mpaka Geita. Kila mtu anayajua, na kila mtu akiyasimulia huanza kwa kusema yule mama alikuwa na macho mekundu. Mimi macho yangu ni mekundu. Ni vumbi la pumba, kwa sababu nashinda mashineni nikingoja mpunga wangu ukobolewe. Jioni ile nilijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, nikaogopa kwa niaba ya huyo niliyemwona.

Neno likatembea. Wateja wangu wa siku zote wakaanza kuvuka barabara wakifika karibu na baraza, wakilitazama lile jiwe la kizingiti kutoka upande wa pili. Mwanangu Nuruddin akapiga simu kutoka Mwanza. Sijui nani alimfikishia. Akaniambia nifunge nyumba niende kukaa kwake, mambo yakipoa nirudi. Nilimjibu kwamba mambo ya namna hii hayapoi mtu akikimbia, yanaiva. Nyumba hii niliijenga na baba yake tofali kwa tofali, sitaikimbia kwa ajili ya mguu wa mtu.

Salmini naye akasafiri kwenda Nyarugusu, kwa mganga mmoja aitwaye Bujiku aliyefahamiana naye tangu enzi za kununua dhahabu. Habari za safari hiyo nilizipata kwa Akida, muuza nyama wa barabara ya nyuma, ambaye neno halilali kwake kama nyama isivyolala bila friji. Kule machimboni, alisema Akida, watu hutumia dawa wanayoiita ndagu ili wapate bahati ya dhahabu, na dawa yenyewe ina masharti, kwa hiyo mtu wa machimbo akiugua huulizwa kwanza amemkosea nani. Salmini aliapa hajamkosea mtu. Basi Bujiku akaona tatizo liko njiani: ni mtego umefukiwa na mwanamke akaaye barabarani, mwenye macho mekundu. Nilimwuliza Akida kama Salmini alimwambia mganga maumivu yanaanzia mlangoni kwa muuza mchele. Akasema ndiyo, hilo alilieleza mwanzo kabisa. Basi hata mimi ningeweza kuagua.

Bujiku akamchanja chale kwa wembe, kwenye kigimbi na juu ya wayo, akampaka unga mweusi. Akamwonya pia kwamba ugonjwa huu hautaki sindano, akichomwa atakufa. Onyo hilo ndilo lililonitia hofu kuliko wembe. Huku tumelelewa nalo. Marehemu mama yangu alikuwa akisema hivyohivyo juu ya kila mguu uliovimba, na watu walikaa na miguu yao ndani mpaka ikawashinda.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka mashineni nikakuta kizingiti changu kimechimbwa. Jiwe limepinduliwa, udongo umetapakaa mpaka kwenye mabeseni, na watu wamesimama kuzunguka shimo. Walikuwa wametoa betri kuukuu ya redio, ukanda wa ndala, na mfupa. Betri na ndala havikuwa na neno. Mfupa ulikuwa ubavu wa mbuzi, ambao mbwa yeyote wa mtaa huu angeweza kuuburuta kutoka bucha ya Akida, lakini mfupa ukitoka ardhini mbele ya nyumba ya mtu haubaki kuwa mfupa wa mbuzi. Mwaisha aliusukuma kwa kijiti mpaka juu ya gazeti bila kuugusa, akaufunga, ukapelekwa Nyarugusu. Huko Bujiku akauchoma. Desturi yake ni kwamba anayepeleka kitu hutaja juu ya moto jina la aliyekifukia, ndipo mtego unakufa. Wakataja jina langu. Nikaambiwa kazi imekwisha.

Nami nilitaka iwe imekwisha. Alasiri iliyofuata nilikaa barazani nikamwona Salmini akija, kanzu nyeupe, hatua za kujiamini, na nikaomba dua apite. Apite tu, hata kama ni kwa uongo. Alifika penye shimo akapunguza mwendo. Akashika nguzo yangu. Nililia kwa hasira, na sikujificha.

Akabadilisha njia. Akaanza kuzungukia barabara ya nyuma, na mimi nikapata nafasi ya kupumua. Haikudumu. Akida alinijia na aproni yake ya damu, uso umemsawajika. Alisema Salmini amesimama mbele ya bucha, ameshika nondo za dirisha, anamwuliza amefukia nini.

"Ananiuliza mimi," Akida akasema. "Mimi ninayemkatia maini kila Ijumaa."

Nilifurahi, kwa kweli. Halafu furaha ikaniacha na fikra ikaingia. Mimi na Akida tulikuwa hatuivi. Maji machafu ya bucha yake yanapita nyuma ya choo changu, na tumeshatukanana kwa ajili hiyo. Kushirikiana kumtega mtu tusingeweza, hata tungetaka. Tena, ukitoka kwa Salmini kwa barabara ya nyuma, bucha ya Akida iko umbali uleule ilipo nyumba yangu kwa barabara ya mbele, na nyumba yangu iko katikati ya kwake na msikiti, ndiyo maana hata akirudi anakamatwa palepale. Kwa hiyo kinachomkamata hakikai kwangu wala kwa Akida. Kinatoka nyumbani kwake, kinatembea naye, kikifika mahali kinauma.

Jambo la kwanza nililofanya baada ya kugundua hilo ni kumshuku Mwaisha. Ndiyo, nami ni mtu wa hapahapa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Benedict, mtu wa Ushirombo, Mkatoliki mpole asiye na undugu na upande wowote wa ugomvi huu. Nilimwambia sitaki polisi, sitaki kiapo. Nataka Mzee Salmini atembee mbele ya watu kwenye njia isiyo na mlango wa mtu. Nyuma ya nyumba yake kuna uwanja wa mpira wa shule, mpana, hauna kibanda wala kichaka. Atoke nyumbani kwake aukate. Akifika ng'ambo salama, nitafunga nyumba niende Mwanza kama wanavyotaka. Benedict alifikiri, akakubali, nadhani kwa sababu kutembea ni jambo rahisi kuliko mengine yaliyokuwa yanapangwa.

Watu walijaa. Salmini alitoka na kanzu yake, mguu umefungwa kitambaa. Mimi nikashika upande mmoja na Mwaisha upande mwingine. Hakutaka nitembee karibu na mumewe, na hakutaka pia kuniacha naye. Tukaingia uwanjani. Mwanzo alikwenda vizuri, na kila alipopiga hatua nzuri nilisikia watu nyuma yangu wakinong'ona, na moyo wangu ukawa unafunga masanduku ya kwenda Mwanza. Tulipoukaribia mstari wa kati mwendo ukapungua. Akachechemea. Halafu akasimama, akashika bega langu, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

"Hapa," alisema.

Alitazama huku na huku akitafuta mlango wa kulaumu. Kulikuwa na majani makavu na magoli mawili.

"Nani kafukia hapa?" nikauliza kwa sauti ili wote wasikie. "Golikipa?"

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Hakuliachia bega langu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mzee huyu hana hila yoyote, ana hofu. Hasira yangu ikashuka, si yote. Nikamwuliza kama kuna hospitali imewahi kuutazama mguu huo. Akasema hautaki sindano. Nikamwambia kutazamwa si kuchomwa. Akainua kanzu ili afungue kitambaa kilichombana, na hapo ndipo tulipoona. Chale hazijapona. Nyingine zilikuwa na majimaji, na moja juu ya wayo ilikuwa nyeusi pembeni, ngozi imekufa. Alikuwa anajifunga mwenyewe chumbani. Mwaisha hakuwahi kuziona. Alijiziba mdomo kwa kanga, na ni yeye aliyesema twende.

Tulikwenda kwa bajaji watu watatu, tunashukiana njia nzima. Kwenye kituo cha afya tulipokelewa na tabibu aitwaye Agatha, mwanamke wa maneno machache. Hakuanza na mguu wenye maumivu. Aliweka vidole juu ya wayo mmoja, akatulia. Akaweka juu ya wayo wa pili, akatulia zaidi, akahamisha vidole, akarudia nyuma ya kifundo. Mwaisha akaninong'oneza anafanya nini huyu. Nikasema sijui. Kisha Agatha akampima presha mkononi, halafu akakifunga kile kitambaa cha presha juu ya kifundo cha mguu na kupima tena. Sijawahi kuona mguu ukipimwa presha. Akauliza juu ya sigara. Salmini akajibu anavuta kidogo. Mwaisha akasema kwa siku humaliza pakiti na kufungua nyingine. Walipomtoboa kidole kupima sukari, mzee alifumba macho akasoma shahada. Alipoyafumbua alikuwa bado yupo, na nadhani jambo hilo lilimshangaza.

Agatha akavuta kiti karibu yake.

"Mzee, mshipa unaopeleka damu kwenye mguu huu umesinyaa kwa ndani. Ukikaa, damu kidogo inatosha. Ukitembea, nyama ya mguu inadai zaidi, haipati, inauma. Ukisimama inatosheka, inakuachia. Ndiyo maana inakukamata umbali uleule, hata ukienda wapi."

Salmini akamwuliza inakuwaje imwume barabarani na si nyumbani. Akajibiwa kwamba nyumbani hatembei umbali huo. Mimi nilitaka kulia tena.

Tabibu aliendelea kwa utaratibu. Alisema maumivu ya mguu chini ya goti yana sababu nyingi na zinafanana machoni mwa watu. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, huenda damu imeganda ndani, na huo usichuliwe kabisa, ukimbizwe hospitali. Wengine maumivu yanashuka kutoka kwenye mshipa wa fahamu mgongoni, wengine ni sukari, wengine mfupa umechoshwa na kazi. Kwa hiyo mguu hutazamwa kwanza. Mguu wenye upungufu wa damu ukikatwa hauponi, na chale hizi nusura zimgharimu mguu wenyewe. Bado hatari haijaisha. Akamwandikia rufaa ya kwenda Mwanza. Akamkataza kukanda kwa maji ya moto wala kuota makaa, maana mguu huo ungeungua bila yeye kuhisi vizuri. Vidonda visafishwe, avae viatu laini vya kufunika, autazame wayo kila siku. Vidonda vikifunga, atembee kila siku: aende mpaka maumivu yambane, asimame yamwachie, aende tena, na kidogo kidogo umbali utaongezeka. Sigara aache. Salmini akauliza hata moja baada ya kula? Hata moja, akajibiwa.

Nikamwomba Agatha aje aseme hayo mbele ya Benedict na mtaa. Akakataa kwa upole. Ugonjwa wa mtu hautangazwi, alisema. Mwenyewe akipenda atausema. Nikamtazama mwenyewe. Akawa anavaa kiatu.

Basi tukarudi Nyasubi watu watatu tunaojua, na mmoja tu mwenye ruhusa ya kusema.

Hakusema. Alikwenda Mwanza, akarudi na vidonge, vidonda vikachukua muda mrefu lakini vikafunga. Akaanza kutembea kama alivyoelekezwa, na akarudia barabara ya mbele. Mwanzo alisimama kwangu. Baadaye akasimama kwenye nguzo ya umeme iliyo mbele kidogo ya nyumba yangu. Baadaye kwenye saluni. Nilikuwa namwangalia kila alasiri kwa furaha ya mtu anayeona kesi yake inashinda. Siku alipofika msikitini moja kwa moja bila kusimama popote, nilisema Alhamdulillahi kwa sauti.

Nilipogeuka nikawakuta wanawake wa saluni wananitazama.

Akida ndiye aliyenieleza. Wanasema umetegua, alisema. Kila mtu anajua kwamba mtego huteguliwa na aliyeutega. Mimi ndiye niliyetaka atembee uwanjani, bega langu ndilo aliloshika, na tangu siku ile amepona. Ushahidi gani tena? Kwa hiyo kila hatua aliyoiongeza yule mzee ilikuwa imeongezwa kwenye hesabu yangu mimi. Mwaisha alikuja na doti ya kanga mpya, akaisukuma mapajani kwangu, akashukuru kwa kunong'ona. Nilimkumbusha kwamba alikuwepo, alimsikia Agatha kwa masikio yake. Akasema ndiyo, ndiyo, na je, dada yake mwenye mgongo naweza kumsaidia? Nilimrudishia kanga. Alidhani nataka zawadi kubwa zaidi.

Na Salmini mwenyewe alikuja. Alisimama mbele ya baraza kwa hiari yake, hakushika nguzo, akatoa salamu kwa kirefu.

"Mama Nuruddin, yaliyopita yamepita," akasema. "Mimi nimekusamehe."

Nikamwuliza amenisamehe nini, mbona tabibu alimweleza yote.

"Yeye alisema ya hospitali," akajibu. "Na ya kwetu nayo yapo. Lakini nimekusamehe, moyo mweupe."

Akaenda zake na mguu nilioupigania. Nilikasirika kiasi kwamba usiku ule sikula. Msamaha wa namna hiyo unakufunga kuliko kesi, maana ukiukataa unaonekana una roho mbaya, na ukiupokea umekiri.

Wiki zikapita. Mimi, kwa kuwa nakaa nimeelekea barabarani, ndiye niliyeona wa kwanza. Siku moja alisimama kabla ya lango la msikiti akajifanya anapiga simu. Kisha ikawa anasimama kwenye saluni. Mahali pale pa kusimama palikuwa panarudi. Panarudi kwangu, kidogo kidogo, kwa njia ileile palipoendea, na mimi nimekaa napasubiri. Upepo ukivuma kutoka kwake niliinusa ile harufu. Nilijua anachofanya, na nilijua pia siku kigimbi kitakapomkamata kwenye kizingiti changu hakuna atakayesema habari za mshipa. Watasema nimeutega upya, na safari hii hawatachimba jiwe.

Alasiri moja alinipita akanisalimu, akafika kwenye nguzo ya umeme, akasimama. Akainama kama anayekaza kiatu, mfuko wa kushoto wa kanzu umetuna. Halafu akageuza kichwa akautazama mlango wangu. Mtazamo ule naufahamu. Wanawake wa saluni waliufuata mpaka kwangu, na vijana wa bodaboda pale kona nao wakageuka.

Nilichukua kigoda changu nikaenda nacho mpaka penye nguzo, nikakiweka mbele yake.

"Kaa, Mzee Salmini."

Akakaa; mguu haukumpa uchaguzi. Watu wakasogea. Mwaisha alikuwa anatoka sokoni na kapu lake, akapenya mpaka mbele akaniangalia mikono kama nimeshika kitu. Nikainyoosha wazi, wote waione. Nikasema wanaodai kuna kitu kimefukiwa wanasema kweli. Kipo. Kipo kwenye mfuko wa kushoto wa kanzu ya mzee huyu, na akitoe mwenyewe.

Salmini alinitazama, na macho yake hayakuwa yanapima kitu.

"Toa, Baba Raudha," Mwaisha akasema.

Mkono ukaingia mfukoni, ukakaa humo, ukatoka na pakiti ya sigara iliyofika nusu. Akaiweka chini, kwenye vumbi. Mwaisha akaokota kijiti, akaisukuma mpaka juu ya kipande cha gazeti bila kuigusa, kama alivyofanya kwa ule mfupa. Akaikunja. Kisha akanigeukia mimi, kwa heshima kabisa, akauliza kwa sauti ya chini kama izikwe au ichomwe.

Ningeweza kumweleza tena habari za mshipa. Niliona nyuso za watu, nikaacha.

"Ichome," nikamwambia. "Hapahapa. Na juu ya moto atajwe aliyekifukia."

Kijana wa bodaboda akatoa kiberiti. Gazeti likashika, moshi ukapanda, na watu wote wakamtazama yule mzee juu ya kigoda changu. Alikohoa. Aliutazama mguu wake.

"Salmini," akasema.